Hata Springi ni Bunduki

Springi kuu ya bastola ya Webley haifanani na springi unayoijua. Si ile ya kujizungusha kama ya kalamu. Ni bapa la chuma lililokunjwa kama herufi V, linakaa ndani ya mpini, na kazi yake ni kukipa kinyundo nguvu ya kugonga risasi. Ikivunjika, bastola nzima inabaki chuma cha kupondea karanga. Na ikivunjika leo, miongo kadhaa baada ya kutoka kiwandani Birmingham, huwezi kuingia duka la spea mjini Naivasha ukaomba nyingine.

Hayo niliyajua kwa sababu ya mteja mmoja aliyefika kwenye karakana ya fundi huku Kamere, kando ya barabara ya South Lake, si mbali na Olkaria. Mimi hushinda pale mchana. Niliacha chuo mwaka wa tatu, sasa naandika makala za kulipwa kwa idadi ya maneno, na fundi ana stima, kivuli na benchi. Upande huu watu wengi hula kwa maua au kwa mvuke. Fundi alikula kwa mvuke, alikuwa kibarua wa kulehemu mabomba kule juu kabla ya kuja kuchomelea watu mageti.

Mteja alikuja na picha kwenye simu. Webley ya zamani, imeparara kutu upande mmoja, mpini umepasuka.

"Mzee, hii ni springi tu," alisema. "Si umetengeneza za geti, umetengeneza za pikipiki?"

"Nimetengeneza, kijana wangu. Hizo haziulizwi mahakamani."

"Lakini karatasi ziko. Bastola yenyewe iko kwa dila Nairobi, imefungiwa. Ilikuwa ya guka. Dila anasema spea hakuna."

"Basi umrudie dila. Mimi kitu hicho siguzi. Hata springi ni bunduki."

Yule jamaa alicheka, fundi hakucheka. Akarudisha miwani yake ya kulehemu usoni na mazungumzo yakaishia hapo. Baadaye nilikaa nikaisoma Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya sheria za Kenya, na mzee hakuwa ametia chumvi. Kwenye ufafanuzi wa neno lenyewe, bunduki si ile nzima tu. Kiungo cha bunduki nacho kinahesabiwa bunduki. Na kuitengeneza, hata kuirekebisha tu, ni kazi ya aliyesajiliwa kuwa mfanyabiashara wa silaha, si ya mtu wa mageti. Sheria hiyo ilizaliwa wakati wa Hali ya Hatari, na ukitaka kuelewa kwa nini mzee wa Kamere anaogopa springi, ni huko unapaswa kwenda. Lakini tupitie kwanza kwenye hiyo spea, maana mambo mengi yanayofuata yanategemea jinsi bastola ya zamani ilivyoundwa.

Samuel Colt wa Marekani alipata hataza ya bastola yake ya silinda mwaka 1836, na miaka kumi na mitano baadaye aliipeleka kwenye Maonyesho Makuu ya London. Sifa kubwa iliyovumishwa kuhusu silaha zake ni kwamba zilitengenezwa kwa mashine, kwa hiyo sehemu ya moja ingeingia kwenye nyingine. Wanahistoria wa viwanda wameikagua sifa hiyo wakakuta ilikuwa nusu kweli. Mashine ilikata chuma, kisha mtu mwenye tupa akakaa chini akakwangua mpaka kila kiungo kikubaliane na jirani yake. Ndiyo maana sehemu za bastola nyingi za kale zilipigwa namba: hii ni ya ile, usizichanganye.

Kwa hiyo anayetafuta kiungo cha bastola ya miaka ya arobaini ana njia tatu. Ya kwanza ni kuua moja ili kufufua nyingine, yaani kununua bastola iliyokufa ya aina hiyohiyo na kuichinja. Ya pili ni akiba za zamani: majeshi ya Uingereza na makoloni yake yalinunua Webley na Enfield kwa wingi, na vita vilipokwisha masanduku ya vipuri yalibaki maghalani, yakauzwa, yakauzwa tena. Ya tatu ni kumpata fundi wa silaha achonge kipya kutoka chuma kitupu. Katika njia zote tatu kiungo hakiingii tu kama betri ya simu. Kinafika kikiwa kinene kidogo kuliko kinavyotakiwa, makusudi, ili fundi aondoe kilichozidi. Akiondoa kidogo mno, silinda haizunguki. Akizidisha, kiungo kimeharibika, na chuma kilichokwisha kukwanguliwa hakirudi. Na hapa Kenya, ongeza leseni juu ya kila hatua.

Nairobi ya wakoloni ilikuwa na watu wa kazi hiyo. Duka la Shaw & Hunter ndilo walilolijua wawindaji na masetla. Kwao bunduki ilikuwa kifaa cha nyumbani kama birika. Sheria ilihakikisha kwamba Mwafrika wa kawaida haingii humo kama mteja. Mtu mweusi aliishika bunduki akiwa askari, mbeba mizigo wa safari, au mfanyakazi wa kuisafisha. Kumbuka hilo la kusafisha. Mikono iliyojua bunduki inavyofunguliwa na kufungwa ilikuwa mingi kuliko mikono iliyoruhusiwa kuwa nayo.

Sasa njoo ziwani. Ukitoka Kamere ukiendelea na South Lake, utapita Oserian, shamba la maua ambalo limekuwa likipasha joto vibanda vya waridi kwa kisima cha mvuke wa Olkaria. Pale kandokando ya maji kuna nyumba nyeupe yenye kuba, masetla waliiita Djinn Palace, kasri la majini. Miaka ya thelathini ilikuwa nyumba ya Josslyn Hay, Lord Erroll, kupitia mke wake wa pili, Mary. Hadithi za kundi lao la Happy Valley zimeuzwa sana, vitabu na filamu, nani alilala na nani. Mimi sina hamu nazo. Ninachokitaka mimi ni bastola.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, wafanyakazi wawili Waafrika wa lori la maziwa waliikuta Buick ya Erroll imetoka barabarani karibu na Karen, nje ya Nairobi. Ndani yake alikuwa maiti, amepigwa risasi kichwani karibu na sikio. Risasi za aina ya .32. Polisi walimkamata Sir Jock Delves Broughton, mzee wa miaka hamsini na saba, ambaye mke wake kijana, Diana, alikuwa akipendana na Erroll waziwazi. Na kulikuwa na jambo lililomweka pabaya zaidi: siku tatu kabla ya mauaji, Broughton alikuwa ameripoti kwamba bastola zake mbili zimeibwa. Zote Colt, zote .32, zimeandikwa kwenye cheti chake.

Upande wa mashtaka ulikuwa na wazo zuri. Broughton aliwahi kufanya mazoezi ya shabaha kwenye shamba la rafiki yake huko Nanyuki. Polisi walienda wakaokota risasi pale, wakazilinganisha na zile zilizomuua Erroll, wataalamu wao wakasema zimetoka kwenye silaha moja. Ukiunganisha hayo, bastola za Broughton hazikuibwa, moja wapo ndiyo iliyoua.

Wakili wa utetezi, Henry Morris, aliletwa kutoka Afrika Kusini, na alikuwa mtu anayezijua bunduki. Hakuhangaika sana na mapenzi. Aliuliza habari za mtutu. Ndani ya mtutu wa bastola kumechongwa mifereji inayozunguka, ili risasi itoke ikijisokota na isiyumbe. Kila kiwanda kina idadi yake na upande wake, na risasi ikipita huchorwa alama hizo. Risasi zilizoletwa mahakamani zilikuwa na alama za mifereji mitano, imezunguka kuelekea kulia. Morris akawafanya mashahidi wa serikali wenyewe wakubali: Colt ina mifereji sita, na huzunguka kushoto. Basi risasi zile hazikutoka kwenye Colt. Na bastola zilizoandikwa kwenye cheti cha Broughton zilikuwa Colt.

Mtu wa karakana angeuliza swali moja papo hapo: je, mtutu haubadilishwi? Hubadilishwa, kwani unafungwa kwa hesi kwenye kiunzi. Lakini mifereji mitano ya kulia ni desturi ya Smith & Wesson, na mtutu wa Smith & Wesson hauvai tu kwenye kiunzi cha Colt kwa sababu umeamua. Ungehitaji fundi, na fundi angekuwa shahidi. Sielewi, hata hivyo, jinsi watu walivyoliheshimu neno "Colt" kwenye karatasi kana kwamba limeteremka kutoka mbinguni. Cheti hujazwa na karani, na bastola zenyewe hazikuwepo mezani kulinganishwa nacho. Silaha iliyomuua Erroll haijapatikana hadi leo. Tarehe 1 Julai 1941, juri ya wazungu watupu ikamwachilia Broughton. Alirudi Uingereza, akajiua Desemba 1942 katika hoteli mjini Liverpool. Diana aliolewa na Gilbert Colvile, setla tajiri wa ng'ombe wa pande hizi za Naivasha, na Colvile akamnunulia ile nyumba yenye kuba.

Kwa hiyo kuna mtu katika historia yetu aliyeokolewa na mifereji ya ndani ya mtutu. Mfereji mmoja pungufu, mzunguko wa upande wa pili, na kamba ikakosa shingo. Simlaumu Morris, alifanya kazi yake, na kwa maoni yangu aliifanya vizuri kuliko wote waliokuwa chumbani mle. Ushahidi wa chuma ulipewa nafasi ya kusema, ukasikilizwa na watu waliomtambua mshtakiwa kuwa mwenzao. Sheria ya koloni ilimpa mzungu juri. Mwafrika alipata jaji, na wazee washauri ambao jaji hakulazimika kuwafuata.

Miaka kumi na mmoja baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ikatangazwa. Masetla wakaanza kula chakula cha jioni na bastola mezani, kati ya kitunza chumvi na mkate. Serikali ikaona hatari mara moja, na haikuwa hatari ya mzungu kumpiga mwenzake. Ilikuwa hatari ya bastola kuhama. Kila silaha iliyopotea katika nyumba ya setla ilikuwa silaha iliyoingia msituni. Kwa hiyo setla aliyeiacha silaha yake ovyo aliweza kushtakiwa kwa uzembe akatozwa faini. Mwafrika aliyekamatwa nayo, chini ya kanuni za Hali ya Hatari, adhabu yake ilikuwa kifo. Bastola ileile, usiku uleule. David Anderson, mwanahistoria aliyepekua majalada ya kesi hizo, amehesabu watu 1,090 walionyongwa. Mamia yao hawakuhukumiwa kwa kumuua mtu yeyote. Walikutwa na silaha, au na risasi tu.

Wapiganaji wa Mau Mau walianza wakiwa na bunduki za kweli chache mno. Wengine walikuwa wamepigana Burma na jeshi la King's African Rifles, akiwemo Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China, na walijua vizuri tofauti ya silaha na kipande cha bomba. Lakini mahitaji hayana adabu. Mafundi wa msituni na wa mitaa ya Nairobi walitengeneza bunduki kwa bomba la maji, komeo la mlango, ubao na vipande vya tyubu ya gari. Karari Njama, mwalimu aliyeacha darasa akaingia Nyandarua, ameyaeleza maisha hayo katika kitabu alichoandika na Donald Barnett mwaka 1966. Bunduki hizo zilikuwa na tabia ya kupasuka zikiwa mkononi mwa mwenyewe. Kwa wengine thamani yake ilikuwa kutisha zaidi ya kuua: mtu anayeona mdomo wa bomba gizani hasimami kuhesabu mifereji.

Nikiwa pale kwenye benchi nimewaza mara nyingi juu ya mafundi hawa, kwa sababu hawana majina. Majenerali tunawajua. Mtu aliyekaa usiku na tupa, taa imefunikwa kwa gunia, akijaribu kulilazimisha komeo la mlango lifanye kazi ya chuma cha Birmingham, huyo hana barabara wala siku yake. Alikuwa na tatizo lilelile la mteja wetu wa Kamere, kiungo hakipatikani na kiwanda kiko mbali, ila yeye hakuwa na dila wa kumrudia. Na alikuwa akijua kwamba kipande anachokikwangua kinamtosha kunyongwa hata kabla hakijakamilika kuwa kitu.

Spea bora zaidi zilikuwa zimefungiwa Naivasha mjini. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wapatao themanini chini ya Mbaria Kaniu waliingia mjini kwa lori, wakavamia kituo cha polisi. Walifungua ghala la silaha, wakaondoka na bunduki 47, kumi na nane kati yake za kufyatua mfululizo, pamoja na shehena ya risasi. Walifungulia pia wafungwa 173. Walipoingia walikuwa na silaha za kweli za kuhesabika vidoleni. Usiku huohuo ndio wa Lari, upande wa pili wa ukuta wa Bonde la Ufa, ambako watu waliteketezwa ndani ya nyumba zao, wanawake na watoto, kisha likafuata lipizo la damu. Lari imefunika Naivasha kabisa, na inastahili, maana maiti huzidi bunduki. Lakini wanajeshi wa Uingereza walilisoma vyema la Naivasha. Ghala moja la polisi lilikuwa limewapa watu wa msituni kitu ambacho mabomba na makomeo yasingewapa kwa miaka: sehemu zilizotengenezwa kukubaliana.

Baada ya hapo maghala yalilindwa zaidi, na msitu ukaanza kukauka. Bunduki ya kiwandani iliyoharibika msituni huna wa kukuuzia kiungo chake. Unaweza kuichinja moja kuokoa nyingine, kama nilivyosema, lakini hesabu hiyo inakwenda upande mmoja tu: mbili zinakuwa moja, nne zinakuwa mbili. Risasi nazo zina ukubwa wake. Bastola ya .38 huwezi kuilisha za .303 za raifo, hata uwe na gunia zima.

Mwaka 1956 mambo mawili yalitokea ambayo hayana uhusiano wowote, nami ninayaweka pamoja kwa sababu tu naishi hapa. La kwanza, wachimbaji waliingia Olkaria wakatoboa visima viwili vya majaribio kutafuta mvuke. Havikufaulu, mitambo ikaondoka, na umeme wa kwanza wa Olkaria haukuja mpaka 1981. La pili, alfajiri ya tarehe 21 Oktoba, miaka minne na siku moja baada ya Hali ya Hatari kutangazwa, Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa pembezoni mwa msitu wa Nyandarua, upande wa Nyeri. Alikuwa peke yake, amevaa ngozi ya chui.

Ungedhani angeshtakiwa kwa vita. Mtu aliyetafutwa na ndege, na majeshi ya malkia, aliyewekewa zawadi kichwani. Hapana. Shtaka lilikuwa kumiliki bastola moja, Webley Scott ya .38, kinyume cha kanuni za Hali ya Hatari, na risasi sita. Silinda ya Webley ina matundu sita. Hiyo ndiyo akiba yote ya silaha ambayo serikali ilimhesabia Kimathi mahakamani: mzunguko mmoja wa silinda.

Kesi ilisikilizwa Nyeri mwezi Novemba, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee washauri watatu Waafrika. Kimathi alifika akiwa bado mgonjwa wa jeraha. Utetezi wake ulikuwa kwamba alikuwa akitoka kujisalimisha. Hilo lilikuwa na uzito wa kisheria, kwa kuwa serikali ilikuwa imetoa ahadi za nyakati tofauti kwa wanaotoka na silaha zao, na mtu anayekwenda kuikabidhi bunduki hana budi kuwa nayo mkononi. Unaisalimishaje silaha bila kuibeba? Mahakama haikumwamini. Alihukumiwa kifo tarehe 27 Novemba. Rufaa ikashindwa, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Nakala ya kesi hiyo ilidhaniwa kwa miaka mingi imepotea. Julie MacArthur aliichapisha katika kitabu mwaka 2017, na ukiisoma unaona jinsi mauaji, uasi, viapo na ardhi vyote vilivyowekwa kando ili kiongozi wa vita ahukumiwe kama mtu aliyekosa leseni.

Nadhani ilikuwa makusudi, na ilikuwa na akili. Shtaka la uasi lingemruhusu Kimathi aseme aliasi nini. Shtaka la bastola linauliza swali dogo: ilikuwa yako, ndiyo au hapana? Hapo hakuna nafasi ya Morris kuuliza habari za mifereji, wala ingemfaa nini. Kwa Broughton chuma kililazimika kuthibitishwa kwamba kimeua. Kwa Kimathi hakikuhitaji kuwa kimemuua yeyote. Kiwepo tu.

Yule mteja alirudi kwa fundi wiki mbili baadaye kwa shughuli ya geti, wakapatana bei bila kulitaja lile lingine. Nilimfuata nje nikamuuliza guka wake aliipataje Webley. Akasema guka alikuwa Homugadi, walinzi waliowekwa na serikali dhidi ya Mau Mau, na kwamba nyumbani kwao jambo hilo haliongelewi, hasa wakati wa mazishi. Babake hakutaka kuiona bastola hiyo. Yeye anataka iwe nzima, aisafishe, aiweke mahali. Nikamuuliza kwa nini nzima, si anaweza kuiacha hivyo ilivyo? Akasema iliyovunjika inaonekana kama imefichwa.

Sikuandika jibu lake hapohapo lakini nimelikumbuka neno kwa neno. Nilimshauri amwombe dila amtafutie ile ya kuchinjwa, aagize kupitia leseni ya dila, na asikubali mtu amchongee kisirisiri. Pia nilimwambia aangalie namba: ile ya kwenye kiunzi, na ile ya kwenye silinda kama ipo. Zikitofautiana, basi bastola ya guka ilishawahi kuvunjika na kufufuliwa kwa kiungo cha bastola nyingine, wakati ambao mtu hakupata spea kwa barua. Akatoa simu, akaipanua ile picha kwa vidole viwili. Kutu ilikuwa imefunika sehemu ya kiunzi. Kwenye silinda tarakimu tatu zilisomeka, na ya nne ilikuwa imekwanguliwa kwa tupa.